Ngoja Maji Yakuletee Ndege

Safu ya wapiga picha wa asili: maswali yenu na majibu

Barua za mwezi huu zinanuka chumvi. Likizo inakaribia, na wengi wenu hapa Nairobi mmeandika mkiwa na safari ya Pwani kichwani na kamera ya kuazima mkononi. Barua ya Mwalimu wa Ruai nitaijibu kwa kirefu, kwa sababu jambo lililomkwaza ndilo linalowakwaza wengi wanaoshuka kutoka bara, na ni jambo nililokulia ndani yake. Mimi ni mtoto wa Kilifi, binti wa mvuvi, ingawa sasa naishi Madaraka na ndege ninaowapiga picha wiki hadi wiki ni wa hapa hapa mjini.

*

SWALI: Bi Mwandishi, salamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari na mlezi wa chama cha wanyamapori shuleni kwetu. Shule zikifungwa mwisho wa mwaka tunataka kuwapeleka wanafunzi Watamu. Mwaka jana tulifika Mida Creek saa nne asubuhi tukakuta maji yamekwenda zake, ndege wako mbali, vitone tu, na picha zote zikawa za matope. Tuna kamera mbili za kuazima, moja ina lenzi ya milimita 300. Wanafunzi wengine wanatumia simu. Je, tuchange pesa za lenzi ndefu zaidi? — Mwalimu, Ruai

JIBU: Mwalimu, hizo pesa zilipieni mabasi na chakula. Lenzi ya milimita 300 inatosha Mida. Mlichokosa ni saa.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haina haraka, haiendi mbali na haiji juu. Hayo huenda mmeyafundisha darasani. Jambo ambalo halisemwi sana huku bara ni kwamba katika pwani yetu bamvua ina saa zake. Siku hizo maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na tena jioni. Baba yangu hakuhitaji karatasi kuyajua haya. Akitazama mwezi usiku alijua kesho aamke lini. Nyinyi mna jedwali la maji la bandari ya Kilindini, ambalo hutolewa na Halmashauri ya Bandari na hupatikana pia mtandaoni. Likate, libandike ukutani, kisha ndipo mchague tarehe ya safari. Ndani ya hori la Mida maji huchelewa kidogo kuliko yalivyo baharini, kwa hiyo ongezeni muda juu ya saa mtakazoziona kwenye jedwali.

Sasa tazama jinsi ndege wanavyoishi na hayo maji. Yakipwa, matope yote yanakuwa meza. Vitwitwi, yangeyange, kulasitara na wenzao hutawanyika mpaka mwisho wa upeo, kila mmoja akitafuta kaa na minyoo wake. Ndicho mlichokikuta. Yakianza kurudi, meza inafupika. Ndege wanarudi nyuma hatua kwa hatua mbele ya maji, wakisukumwa kuelekea ukingoni, kuelekea kwenu ninyi mliokaa kimya. Hamtakiwi kumfuata ndege hata mmoja. Mkimfuata kwenye matope mtazama hadi magotini, naye ataruka na kuondoka na wenzake wote, na huyo huenda ndiyo kwanza ametua kutoka Urusi akiwa amebaki mifupa. Kaeni pale maji yatakapomleta.

Kwa hiyo ratiba yangu ingekuwa hii. Chagueni siku ya bamvua, au moja au mbili baada ya mwezi mpevu, kwa sababu bamvua kubwa huja nyuma ya mwezi kidogo. Asubuhi maji yakiwa yamepwa, wapeni kazi wanafunzi wenye simu. Pembezoni mwa mikoko kuna kaa wadogo ambao dume lake lina gando moja kubwa na jingine dogo, na hulipunga lile kubwa kuwaita majike na kuwatisha madume wenzake. Ukikaribia, wote wanaingia mashimoni. Ukichutama na kutulia wanatoka tena, kwanza macho, kisha gando, kisha mwili mzima, na simu inaweza kuwekwa karibu nao kabisa ikiwa mwenye simu ana subira. Kuna pia wale samaki wanaotembea juu ya matope kwa mapezi na kupanda mizizi ya mkoko. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuwaona hataamini ni samaki mpaka aone picha yake mwenyewe.

Saa sita jua linapowaka, ondokeni ufukweni. Hata mwenye lenzi ya bei kubwa hapati kitu saa hiyo, kwa maana hewa juu ya mchanga wa moto inacheza na kuyumba, na ndege wa mbali hutoka amefifia kingo zote. Magofu ya Gede yako karibu, yana kivuli cha miti mikubwa, na kima wa pale wamezoea watu. Msiwape chakula hata wakikinga mikono.

Saa nane rudini Mida mkae kwenye daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko. Kuanzia hapo mpaka saa kumi maji yanaingia, jua linashuka upande wa magharibi nyuma yenu, na ndege wanasogea wakiwa wamemulikwa usoni. Sidhani kuna mahali pengine Kenya ambapo maji, jua na ndege hukubaliana vizuri hivyo kwa mtu mwenye vifaa vya kawaida. Na Mwalimu, waambie wanafunzi wako kwamba kiingilio cha daraja hilo kiko chini ya mpango uitwao ASSETS, unaosaidia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka jamii zinazopakana na hori hilo na msitu wa Arabuko-Sokoke. Vijana wenzao wanasomeshwa na ndege hao.

Mtafuteni hasa ndege mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mweusi mnene wa kupasulia kaa. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Huzaliana pembezoni mwa Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na pwani za jirani, na ndiye ndege wa pwani wa aina yake anayechimba shimo mchangani na kutaga yai ndani, joto la mchanga likimsaidia kuatamia. Kisha anakuja kwetu kukaa msimu wote wa kaskazi. Hutembea kwa makundi, na kundi likiruka, nyeupe na nyeusi zinapishana angani. Kwa picha hiyo wekeni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafungua jicho lake, iwe 1/1000 ya sekunde au zaidi, na muanze kupiga kabla hawajaruka: wakianza kunyoosha shingo wote kuelekea upande mmoja, kidole kiwe tayari.

*

SWALI: Shangazi, mimi niko Kayole na nina simu tu. Nikivuta zumu ndege anatoka kama amechorwa na rangi ya maji. Watu wa gurupu letu wanasema bila kamera kubwa nisijisumbue. Ni kweli? — Kijana wa Kayole

JIBU: Si kweli, kijana wangu, na nakuomba usiwasikilize.

Zumu ya simu nyingi, ukishapita lenzi zake zenyewe, haikusogezi karibu. Inakata kipande cha katikati cha picha na kukipanua, ndiyo maana manyoya yanakuwa ukungu. Basi usivute. Badilisha unachokipiga. Simu ina nguvu mahali ambapo kamera kubwa inasumbuka, yaani karibu sana. Kerengende aliyetua kwenye mrija mkavu kando ya mtaro, nyuki kwenye ua la mboga, mjusi kafiri ukutani usiku chini ya taa, mchwa wenye mbawa baada ya mvua ya kwanza. Kuna vilenzi vidogo vya kubana juu ya kamera ya simu, hupatikana katika maduka ya vifaa vya simu katikati ya jiji. Ukipata kimoja, mguu wa panzi unakuwa mti. Gusa kioo pale penye jicho la mdudu ili fokasi ikae hapo, kisha telezesha ile alama ya jua chini kidogo mpaka rangi zikolee. Pumua, ndipo ubonyeze.

Ndege nao utawapata, ila kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuwapiga pamoja na mahali pao. Mtu mwenye lenzi ndefu huishia kumpata ndege peke yake na nyuma ukungu, lakini wewe unaweza kumpata mwewe juu ya paa za mabati za Kayole, kwezi kwenye waya wa stima huku nguo zimeanikwa chini yake, mnana akifuma kiota kwenye mti ulio kando ya stendi ya matatu. Picha hizo zinasema Nairobi. Nazithamini kuliko picha nyingi za simba, maana simba amepigwa na kila mgeni aliyeingia mbugani.

Njia ya pili ni kuwatafuta ndege wakubwa wasioogopa watu, na katika hili jiji letu limebarikiwa. Nenda jioni karibu na mzunguko wa barabara wa Nyayo Stadium. Juu ya migunga ile wamejaa marabu, korongo wale wakubwa wenye upara na mfuko shingoni. Jua likizama nyuma yao, piga kivuli chao tu dhidi ya anga ya rangi ya chungwa: gusa kioo kwenye anga, ndege wawe weusi. Ukiwaona mchana, angalia miguu yao. Inaonekana myeupe kwa sababu marabu huinyea makusudi, na maji ya kinyesi yakikauka humpoza. Mtaani kwenu mko karibu na dampo la Dandora, kwa hiyo unawajua hawa vizuri kuliko watu wa Karen, anza nao. Ila simu yako ifunge kwa kamba mkononi, na usisimame ukingoni mwa barabara huku macho yako yako juu.

Ukiwa na Jumatano huru, chama cha Nature Kenya kina matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi, yakianzia Makumbusho ya Taifa. Yamekuwepo tangu miaka ya 1970. Nenda bila kamera mara ya kwanza. Utafundishwa kusikia kabla ya kuona, na mpiga picha anayesikia humwona ndege mapema kuliko mwenye lenzi ndefu asiyesikia.

*

SWALI: Binti yangu, nimestaafu na nimenunua kamera ya mtumba. Yangeyange wanaokuja kwenye majani hapa Buruburu wananitokea weupe pe, hakuna unyoya unaoonekana. Kunguru naye anatoka mweusi ti. Fundi aliniambia kamera ni mbovu. — Mzee wa Buruburu

JIBU: Mzee wangu, kamera ni nzima. Inafanya ilichofundishwa kufanya: kila inachokiona inadhani kina mwangaza wa kijivu cha wastani. Yangeyange mdogo akisimama kwenye majani mabichi yaliyokolea, kamera inaona giza la majani, inaongeza mwanga, na yule mweupe anaungua. Kunguru akipita angani, kamera inaona weupe wa anga, inapunguza mwanga, na yeye anazama gizani.

Kwenye kamera yako kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwa yangeyange shuka hadi kutoa 1. Kwa kunguru dhidi ya anga panda hadi kujumlisha 1, hata 1 na nusu kukiwa na mawingu meupe. Utakaposhuka Pwani, mchanga mweupe unang'aa na kuidanganya kamera vilevile, kwa hiyo mtu aliyesimama mchangani huhitaji kujumlisha. Jizoeze hapo Buruburu mpaka kidole kiende chenyewe.

Kunguru wetu wa Nairobi ana mtihani wake, kwa kuwa ni mweusi mwenye kifua na shingo nyeupe. Hapo kilinde kile cheupe. Weupe ukishaungua hakuna programu ya kuurudisha, lakini weusi unaweza kuinuliwa kidogo baadaye kwenye kompyuta. Na umpige saa moja hadi saa tatu asubuhi, au siku ya wingu. Watu hulalamikia Julai ya Nairobi, ile baridi na kijivu cha wiki nzima. Mimi huingoja. Wingu linatandaza mwanga sawasawa, hakuna kivuli kikali chini ya mdomo, na unaweza kupiga picha hata saa saba mchana.

Nikuombe jambo moja kwa kuwa unakaa na kunguru kila siku. Kunguru wa Mombasa si huyu wetu. Yule ana shingo ya kijivu, mwembamba kidogo, hana kifua cheupe. Asili yake ni Bara Hindi, na Mombasa ameonekana tangu miaka ya 1940. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na miji mingi ya Pwani imebaki na ndege wadogo wachache kwa ajili yake. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja. Kuna hofu kwamba anapanda bara akifuata miji iliyo kando ya barabara kuu. Ukimwona wa shingo ya kijivu hapa Nairobi, mpige picha hata ikiwa mbaya, andika tarehe na mahali, uwapelekee KWS au Makumbusho. Picha hiyo itakuwa na kazi kubwa kuliko picha zako zote nzuri, na mtu aliyestaafu anayeketi barazani kila asubuhi ndiye mwenye nafasi ya kuipata.

*

SWALI: Dada, mwaka jana tulikuwa ufukweni usiku, kasa akapanda kutaga. Watu wakamzunguka na taa za simu, kila mtu anataka selfi. Alirudi baharini. Kesho yake, kwenye mashua, mtembeza wageni alituinulia kiti cha pweza, yule nyota wa bahari, tukapiga naye picha. Nilijisikia vibaya mara zote mbili lakini sikujua kama nina haki ya kusema. — Msomaji, South C

JIBU: Una haki, na safari nyingine sema.

Kasa jike hupanda ufukweni gizani kwa sababu giza ndilo ulinzi wake. Ni mzito, nchi kavu hana mbio, na akishtuka kabla ya kuanza kutaga hugeuka na kurudi majini na mayai yake tumboni. Huenda akajaribu tena usiku mwingine, huenda akayapoteza. Wale wadogo wakianguliwa, baada ya siku 60 hivi, huenda upande wenye mwangaza zaidi, ambao tangu zamani ulikuwa bahari inayong'aa chini ya nyota. Taa moja ya simu yatosha kuwageuza waelekee hotelini au barabarani, na asubuhi kunguru na kaa wanawamaliza. Kwa hiyo kanuni yangu kwa kasa anayetaga na watoto wa kasa usiku ni moja tu: hakuna picha. Sikubali hata ile ya kusema nitazima taa nitumie uwezo wa simu wa kuona gizani, kwa maana kioo chenyewe kinawaka, na mmoja akiinua simu kumi watainua zao. Kaa mbali nyuma yake, uwe chini, utazame kwa macho.

Ukitaka picha ya kasa, ipo ya mchana na ni nzuri zaidi. Watamu kuna shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997. Wavuvi wakinasa kasa kwenye nyavu huwapigia simu, kasa anapimwa, anatibiwa akiwa ameumia, kisha anarudishwa baharini. Hapo kuna jua, kuna mvuvi, kuna mikono inayombeba, kuna yeye akivuta mchanga kwa mapezi kuelekea wimbi la kwanza. Zungumza na shirika kabla, piga bila flashi, usisimame kati yake na maji. Mimi ni binti wa mvuvi na ninajua kasa alivyokuwa akiliwa nyumbani nilipokuwa mdogo. Kumwona mvuvi akipiga simu ili kasa aachiliwe ni jambo ambalo ningetaka liingie katika kila kamera.

Kuhusu kiti cha pweza: hupumua kwa ngozi yake na kwa vile vijiguu vidogo vya chini, na kazi hiyo haiwezekani hewani. Anayeinuliwa kwa kila mashua, kila mgeni, siku nzima, hafiki jioni. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika, ili vitu hivi viachwe mahali pake. Watembeza wageni huinua kwa sababu sisi tunatabasamu na kutoa bakshishi. Kabla ya kupanda mashua mwambie nahodha kwa upole: sisi ni wapiga picha, tunataka kuviona vikiwa chini ya maji, na bakshishi yako iko palepale. Hujamkosesha riziki, umembadilishia kazi.

Na kukipiga picha kikiwa majini si kazi ngumu. Maji yakipwa, tafuta dimbwi lililobaki kwenye mwamba. Kinachoharibu picha ni mng'ao wa anga juu ya maji. Chukua leso, mwenzako aitandaze juu ya dimbwi ili kivuli kiangukie upande unaoupiga. Mng'ao unakufa papo hapo, na chini unaona rangi zote, nyekundu, buluu, samaki wadogo wakipita katikati. Mwenye kamera anaweza kufunga kichujio cha kuondoa mng'ao mbele ya lenzi, lakini leso ya mama yako inafanya kazi ileile.

*

SWALI: Nilitoka Diani na lenzi yenye vidoa kama nyuzi za buibui ndani. Ni nini, na nifanye nini nisiharibu nyingine? — L., Ngong Road

JIBU: Ni kuvu. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, na lenzi ikifungiwa ndani ya mkoba wa ngozi au kabati lenye giza, kuvu huota kwenye vioo. Ya sasa ipeleke kwa fundi mapema kabla haijala kioo chenyewe, na usiiweke pamoja na lenzi nyingine. Hizo nyingine zihifadhi kwenye kopo la plastiki la kufunga kabisa pamoja na vile vipakiti vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Chembe zikilowa, zibadilishe.

Ukiwa Pwani, chumvi iogope kuliko mvua. Kila jioni futa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa, kisha kikavu. Usibadilishe lenzi ufukweni kwenye upepo. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa hivi ukiwa nje. Ukiitoa papo hapo, mvuke utaganda kwenye kioo na ndani ya lenzi pia.

*

SWALI: Bi, tunashuka Mombasa kwa Madaraka Express ya asubuhi. Inafaa kupiga picha dirishani, au tusubiri kufika? — Wawili wa Embakasi

JIBU: Pigeni. Njiani treni inakatiza Tsavo, ambako reli imeinuliwa sehemu kadhaa ili tembo wavuke chini yake. Tembo wa Tsavo wakishajipaka vumbi la kule huwa wekundu, hata wa mbali unawaona.

Kateni tiketi za upande wa kulia kwa jinsi treni inavyokwenda. Asubuhi jua liko mashariki, upande wa kushoto na mbele, kwa hiyo wa kulia mtaona vitu vikiwa vimemulikwa, na wa kushoto mtapambana na jua kiooni. Shata iwe 1/1000 au zaidi, na msipoteze muda na vichaka vilivyo karibu na reli, vitakuwa michirizi tu. Pigeni vya mbali. Lenzi iwe karibu kabisa na kioo bila kukigusa, kwa sababu kinatetemeka, na mfunike pande zake kwa sweta jeusi ili taa za behewa zisionekane kwenye picha. Mwendo hupungua treni inapokaribia stesheni, kwa hiyo mmoja wenu awe macho Mtito Andei na Voi. Beba kitambaa ufute kioo upande wa ndani kabla treni haijaondoka, maana abiria wa jana ameegemeza kichwa hapo.